Posa ya Miwani Nyeusi

Mwaka ule macho yalipopanda Gouripur, Jobeda Khatun alikuwa na posa kumi na moja mkononi na hakuna hata mwali mmoja aliyeweza kutazamwa usoni. Ndivyo wanavyouita ugonjwa ule kwao: macho yamepanda. Hupanda mwezi wa Bhadro, mvua ikiwa imechoka kunyesha lakini haijaamua kuondoka, nguo hazikauki kambani na mkate unaota ukungu ukiwa bado unatafunwa. Mtoto mmoja hurudi shuleni akijifikicha, na kesho yake nyumba nzima imeamka kope zimegandana, macho rangi ya damu ya mzee.

Hapo mji wote huvaa miwani nyeusi, kwa sababu inaaminika kwamba ugonjwa huo huruka kutoka jicho hadi jicho kwa kutazamana. Muuza samaki anavaa, karani wa posta anavaa, imamu anavaa. Mgeni akishuka stesheni wiki hiyo hudhani ameingia mji wa majambazi wenye adabu.

Kwa mshenga, huo ni msimu wa njaa. Jobeda alikuwa na miaka hamsini na saba, mjane wa fundi wa reli, mfupi, mnene kiasi, na mwendo wa mtu anayewahi treni hata akienda chooni. Kazi ya ushenga hakuichagua. Mumewe alipofariki alimwachia mabinti watatu, na alipomaliza kuwaoza wote watatu aligundua kwamba ameshazijua nyumba zote kuanzia Gouripur hadi Ishwarganj, nani ana kikohozi, nani ana hasira, nani anaficha shamba, akaona ni hasara kuyaacha maarifa hayo yalale. Tangu hapo alikuwa ameunganisha ndoa mia mbili na kumi na nne. Tisa zilivunjika. Katika hizo tisa, nne alikubali kwamba kosa ni lake.

Hakuwa mwongo, na hilo lilijulikana. Alichokuwa nacho ni mpangilio. Ukweli mzuri aliutanguliza na chai. Ule mwingine aliusema mlangoni, akitafuta viatu.

Wiki ya pili ya Bhadro, macho yakampanda yeye mwenyewe. Aliamka haoni kitu, akadhani amekufa, kisha akamsikia dada yake anagombana na kuku, akajua bado yupo. Akanawa, kope zikaachana kwa taabu. Akaenda moja kwa moja kwa Nibaron mwenye duka la dawa karibu na reli, ambaye msimu huo hakuuliza mtu anaumwa nini. Ukisimama mbele ya meza yake, alikupa chupa ndogo ya matone na kugeukia aliyefuata.

Siku mbili macho yalikuwa meupe kama ya ndama. Siku ya tatu yakarudi mabaya kuliko mwanzo, mazito, yanawasha, na mwanga ukawa unamkera. Jobeda akaongeza matone. Siku ya tano akakata shauri kwenda kliniki ndogo ya macho iliyoko nyuma ya soko la mchele, akachukua namba, akaketi kwenye benchi pamoja na miwani nyeusi nyingine ishirini na sita.

Aliyemwita ndani alikuwa muuguzi wa miaka ishirini na saba hivi, Rehnuma, binti ya Motaleb aliyekuwa mkata tiketi wa stesheni kabla ya kustaafu. Hakuvaa miwani. Alikuwa na ndala, aproni iliyopaushwa na sabuni, na sauti ya mtu ambaye ameshasema jambo lile lile mara tisini tangu asubuhi.

"Khala, umetia nini humu?" aliuliza, akimwita kama mama mdogo.

"Dawa, mwanangu."

"Ya nani?"

"Ya Nibaron."

"Ya Nibaron najua. Chupa iko wapi?"

Jobeda akaitoa kwenye mkoba. Rehnuma akaisoma, akaiweka mezani mbali kidogo, kama mtu anayemweka mende aliyekufa.

"Hii ina steroidi."

"Ni dawa ya nguvu."

"Ni ya nguvu kweli, ndiyo maana hapewi mtu mpaka daktari amwone. Inafuta wekundu siku mbili, unafurahi, kumbe ugonjwa umejificha tu. Ukikaa nayo miezi inaweza kukupofusha kabisa. Nani mwingine ametumia chupa hii?"

"Dada yangu."

"Na?"

"Na mumewe." Jobeda akafikiri. "Na jirani. Lakini yeye jicho moja tu."

Rehnuma akanawa mikono. Alimpiga picha macho yote mawili kwa mashine, akamtumia daktari aliyeko mji mkubwa wa Mymensingh, wakangoja. Jibu lilipokuja kwamba hakuna kidonda na chupa ile iachwe, akaanza kumfuta matongotongo kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, akitoka upande wa pua kwenda nje, pamba moja jicho moja, kisha takataka.

"Utafanya hivi hivi nyumbani, asubuhi na jioni. Huu wa sasa ni wa virusi, hauna dawa ya kuuondoa kesho. Unapita wenyewe, wiki moja, pengine mbili. Ukiwashwa, kitambaa cha maji baridi. Taulo lako liwe lako, mto wako uwe wako. Na sabuni, khala. Mikono, mikono, mikono. Ukiona jicho linauma sana, au unaona ukungu, usingoje, njoo."

"Na miwani?"

"Miwani itakupunguzia mwanga."

"Na kutazamana?"

"Mtazame umtakaye. Ugonjwa uko mikononi na kwenye mataulo. Mtu hakuambukizi kwa kukukodolea macho."

Jobeda alikuwa ameshaacha kusikiliza. Alikuwa akiiangalia ile mikono, ambayo haikutetemeka wala haikuharakisha, na kucha zake zilizokatwa sawasawa.

"Umeolewa?"

"Fumba jicho la kushoto," alisema Rehnuma.

Mshenga mwingine angemposea mwanamume yeyote aliyekuwa karibu. Jobeda alichukua siku kumi, ambazo macho yake yalizitumia kupona, akamfikia Tofael. Tofael alikuwa na miaka thelathini na tatu, alitotoa na kuuza vifaranga vya samaki, hakuvuta sigara, hakuongea sana, na muda mwingi wa maisha yake alikuwa ameutumia kutazama maji. Hapakuwa na kasoro kwake ila mama yake.

Hasna Banu alikuwa ameshakataa wasichana saba. Mmoja kwa kucheka, mmoja kwa kutocheka, wawili kwa sababu ya mama zao, mmoja kwa sababu ya ngazi ya nyumba yao, na wawili sababu alizisahau lakini msimamo alikuwa nao. Jobeda alipomwendea kuhusu Rehnuma, alimkuta amejilaza barazani, kitambaa kimefungwa kichwani.

"Kichwa tena?" Jobeda aliuliza.

"Kila jioni siku hizi. Kinanigonga upande huu, juu ya jicho. Na taa nikiziangalia zimevaa duara, kama mwezi wa mvua." Hasna Banu akapumua. "Ni mawazo haya. Tofael akioa, kitaacha."

Jobeda aliliandika hilo katika daftari lake, chini ya Tabia za Mama Mkwe, akaendelea na habari za mwali: kasoma, ana kazi, wa watu watulivu. Akiwa mlangoni anatafuta viatu, akaongeza, "Anapenda kuagiza watu kidogo."

"Unasemaje?"

"Nasema viatu vyangu hivi hapa."

Siku ya kumtazama mwali ilipangwa Ijumaa, baada ya swala. Kuddus, mjomba wake Tofael, alipeleka salamu mapema kwamba yeye atakuja, lakini kwa kuwa mji bado una ugonjwa, pande zote mbili zivae miwani nyeusi, wenyeji na wageni, asitazamwe mtu kwa macho matupu. Jobeda alimwambia ile hoja ya sabuni na mataulo. Kuddus alisema yeye ameuza mbolea miaka ishirini na anajua magonjwa.

Basi Ijumaa ikafika, na kwenye sebule ya Motaleb wakaketi watu sita wamevaa miwani nyeusi: Motaleb mwenyewe, Kuddus, Hasna Banu, Tofael, Jobeda, na mwali. Mama yake Rehnuma alibaki nyuma ya pazia, naye kavaa, kwa tahadhari. Mvua ilikuwa inashuka kama inayomwagwa kwa ndoo, madirisha yamefungwa, na saa tisa na robo umeme ukakatika. Motaleb akawasha taa ya kuchaji akaitundika msumarini. Hakuna aliyevua miwani, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Chai ilimiminwa sahanini, kikombe kikabaki kikavu pembeni, na kila mtu akashukuru.

"Tembea kidogo, mwanangu," alisema Kuddus.

Rehnuma akatembea kutoka kabatini hadi mlangoni, akajigonga kwenye stuli, akarudi.

"Mwendo mzuri," Kuddus alisema, akiwa amelielekea kabati. "Kupika unajua?"

"Najua."

"Ukiulizwa na mkubwa swali usilolipenda, unajibuje?"

"Inategemea swali, mjomba."

Kuddus akalitafakari hilo. Tofael akakohoa kidogo. Ndiyo sauti ya kwanza kutoka kwake tangu salamu. Jobeda akaingilia kwa habari za bei ya mchele. Saa moja ikapita hivyo, kisha nusu ya saa ya pili, mvua haijakatika, na wageni hawawezi kuondoka.

"Taa yenu ina upinde wa mvua," Hasna Banu alisema ghafla.

Motaleb alifurahi. "Nilinunua Mymensingh. Ikijaa chaji inakaa saa sita."

"Rangi zote zipo," alisema Hasna Banu, polepole, na baada ya hapo akanyamaza. Kuddus, ambaye hakuwahi kumwona dada yake akinyamaza penye mwali, alimwinamia Jobeda sikioni akamnong'oneza kwamba mambo yameiva, huyu amempenda. Jobeda alijivuta mbele kitini. Alikuwa anaiangalia mikono ya Hasna Banu, jinsi ilivyokamata ukingo wa kiti.

Zililetwa tambi za maziwa, za zabibu na iliki, kazi ya asubuhi nzima. Motaleb akamkabidhi mgeni wake bakuli kwa mikono miwili. Hasna Banu akalipokea, akainama kama anayetaka kunusa, akatapika humo ndani.

Mvua ikazidi kupiga mabati.

"Maziwa ni ya leo!" Motaleb alipiga kelele. "Ya leo asubuhi! Ng'ombe mwenyewe yuko uani, naweza kumleta!"

"Hakuna haja ya ng'ombe," alisema Kuddus kwa ubaridi, akisimama. "Tumeelewa. Hasna, twende. Nyumba inayomlisha mgeni maziwa yaliyolala..."

"Yamelala wapi? Nakwambia ya leo!"

"Jicho langu," Hasna Banu alisema. "Mama yangu, jicho langu. Kichwa kinapasuka."

"Macho yamempanda," Kuddus alitangaza, na akarudi nyuma hatua mbili. "Si nilisema? Tumpitishe kwa Nibaron, atie matone."

Rehnuma alivua miwani yake akaiweka juu ya kabati. Akapiga magoti mbele ya Hasna Banu, akamvua na yeye, akawasha tochi ya simu. Jobeda, aliyekuwa ameshavua ya kwake, aliona alichokiona Rehnuma: jicho la kushoto jeupe tu, la kawaida ya umri. La kulia jekundu kama kaa la moto, wekundu umezunguka pale penye rangi, na juu yake utando wa ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

"Macho yaliyopanda hayamtapishi mtu," Rehnuma alisema. "Matongotongo hana. Hili ni jicho moja. Mama, unaniona kwa jicho hili?"

"Naona moshi. Wewe usinimulike!"

"Tulia."

"Naumwa, unaniambia nitulie?"

"Tulia, nyamaza kidogo, angalia sikio langu." Mwanga ulipita, ukarudi. Mboni ya kushoto ilijikunja. Ile ya kulia ilibaki imetanuka, haina habari. Rehnuma akamwambia afumbe macho, akamgusa juu ya kope kwa ncha za vidole, kushoto, kisha kulia, taratibu. La kushoto lilibonyea. La kulia lilikuwa gumu kama pera bichi.

"Ni presha ya jicho," alisema akisimama. "Maji ya ndani yamekosa njia ya kutoka, yanasukuma. Si la kesho asubuhi hili, ni la sasa. Mji huu hauna wa kulitibu, ni Mymensingh. Nani ana gari?"

Kuddus akafungua kinywa kueleza kwamba wao wamekuja kumtazama mwali, wala hawakuja kutazamwa wao. "Binti, kwa heshima yote, wewe ni muuguzi, si daktari, na mwali kumshika mkwe macho..."

"Kaa chini, mjomba," alisema Rehnuma.

Kuddus akakaa. Alieleza baadaye kwamba alikuwa amechoka tu kusimama.

Tofael alikuwa ameshatoka. Gari lake lilikuwa lile la kusambazia vifaranga, dogo, nyuma lina mapipa manne ya maji. Alilirudisha kinyumenyume hadi barazani kwenye mvua, akashuka, akamwingiza mama yake mbele, kisha akasimama na kumwangalia Rehnuma, akisubiri kuambiwa.

"Beseni," alisema Rehnuma.

Akaenda jikoni kwa watu asiowajua, akarudi na beseni.

Walipita kliniki kwanza. Rehnuma alifungua kwa ufunguo wake, akampigia simu yule daktari wa Mymensingh, akamweleza kwa maneno machache. Daktari akasema vidonge gani na matone gani ampe hapo hapo, na asimweke tena kwenye giza. Kisha wakaingia barabara kuu. Dereva alikuwa mfanyakazi wa Tofael aliyeitwa kwa simu. Mbele walibanana Hasna Banu katikati, Rehnuma upande mmoja na chupa ya matone na saa mkononi, na Tofael upande wa pili, nusu ya mwili iko nje ya dirisha, na beseni. Nyuma, kati ya mapipa, Jobeda na Kuddus walishikilia mwavuli mmoja. Vifaranga elfu nane vya samaki aina ya pangasi vilisafiri nao, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuvishusha.

"Miaka ishirini nimeuza mbolea," Kuddus alisema walipofika darajani. Jobeda alingoja sentensi iendelee. Haikuendelea.

Hospitalini walimchukua papo hapo. Alitundikiwa dripu, akatiwa matone, akatiwa tena, na kabla ya swala ya isha jicho lilikuwa limelegea na Hasna Banu ameanza kulalamikia shuka. Daktari, mwanamke mrefu mwenye haraka, aliwaambia barazani kwamba wamewahi. Wengine wanakaa siku mbili tatu wakitia matone ya duka, wakidhani ni yale macho ya msimu, na wakifika hakuna la kuokoa. Yale maumivu ya jioni na zile taa zenye duara zilikuwa dalili, alisema, miezi yote hiyo. Na kukaa saa mbili gizani na miwani nyeusi kuliifungua mboni, ndiko kulikomaliza kazi. Jobeda alilifungua daftari lake chini ya Tabia za Mama Mkwe, akasoma, akalifunga.

Jumatatu walimtoboa kwa mwanga wa leza tundu dogo mno katika ile sehemu ya rangi ya jicho, ili maji yapate pa kupitia. La kushoto nalo wakalitoboa, maana nalo lingekuja kufanya hivyo hivyo. Akarudi nyumbani na chupa zake na karatasi ya kurudi kliniki baada ya mwezi.

Gouripur wakati huo ilikuwa na habari yake yenyewe. Ilisemwa kwamba watu walikuja kumtazama binti ya Motaleb, wakaletewa tambi, wakampakia kwenye gari la samaki wakaondoka naye, na baba yake amesimama barazani na taa ya kuchaji. Kila neno lilikuwa la kweli, na ndiyo sababu lilikuwa gumu kukanushwa. Motaleb hakutoka kwenda sokoni siku nne. Mkewe alimpelekea Jobeda salamu kwamba kama hakuna posa hapo, basi aseme, wajue wanaaibika kwa lipi.

Jobeda akaenda kwa Hasna Banu.

"Jicho vipi?"

"Naona. Nakuona umenenepa."

"Alhamdulillahi. Na yule binti?"

"Alinifinya jicho, Jobeda. Mbele ya wanaume."

"Alikugusa kidogo juu ya kope."

"Aliniambia ninyamaze."

"Ulikuwa unatapika."

"Nilikuwa naongea pia!" Hasna Banu akajifunika mtandio vizuri. "Sikatai, kaniokoa. Nitamwombea dua mpaka nife. Lakini kumwombea dua mtu ni jambo moja, na kumleta ndani ya nyumba ni jambo jingine. Mwali hajaketi vizuri, ameshaanza kuamrisha. Akizaa itakuwaje?"

Jobeda hakubishana. Kutoka hapo akaenda kliniki, akachukua namba, akaketi, akaingia zamu yake ilipofika.

"Macho yanasumbua tena, khala?"

"Macho mazima. Umemwonaje?"

"Nani?"

"Mtoto wa mgonjwa wako."

Rehnuma alikuwa anaosha mikono. Alimaliza kuiosha, akaikausha kidole kimoja kimoja.

"Alishika beseni kutoka Gouripur hadi Mymensingh."

"Hilo tu?"

"Lilipojaa alikwenda kulimwaga, akalisuuza, akalishika tena. Sikumwambia. Khala, nimefanya kazi na wagonjwa miaka sita. Wanaume wengi, mama akianza kutapika, wanakumbuka simu ya muhimu." Akavuta faili la mgonjwa aliyefuata. "Na hajarudi hapa kuja kunishukuru kwa hotuba. Alileta samaki, akamwachia mlinzi."

"Nimwambie nini mama yake?"

"Mwambie asiache matone."

Mwezi ukapita. Jobeda aliwapeleka watu wengine kutazamana, akaunganisha ndoa mbili, akaachia posa moja. Siku moja karibu na adhuhuri akamwona Hasna Banu anakuja peke yake kwa rikisho, uso umevimba kwa hasira au kwa joto.

"Nimetoka kliniki," alisema kabla ya kushuka. "Unajua kanipanga foleni?"

"Nani?"

"Huyo binti yako! Nimefika, nikamwambia mlinzi mimi ni nani. Mlinzi akaingia, akatoka, akaniambia namba arobaini na mbili. Mimi! Niliyetapika nyumbani kwao! Nimekaa saa mbili na nusu kati ya mtu wa vitunguu na mama mwenye mapacha."

"Ukaondoka?"

"Ningeondokaje, sikuwa nimeonwa. Nikaingia, kanipima, kanitia matone, hakunionyesha uso mbaya wala mzuri. Kanipima kama namba arobaini na mbili." Akaketi, akapokea maji, akanywa. "Kisha Kuddus akaja kunichukua, akaingia na viatu vyenye tope anampigia kelele mlinzi. Yule binti akatoa kichwa mlangoni akamwambia, mjomba, nje. Kuddus akatoka, Jobeda. Akavua viatu. Akasimama nje, kimya, dakika kumi."

Jobeda akamwongezea maji.

"Miaka thelathini naishi na ndugu yangu yule nyumba moja," alisema Hasna Banu. "Anaongea tangu alfajiri. Hakuna aliyewahi kumnyamazisha, hata marehemu baba. Mimi si kijana. Ningependa kula chakula kimoja kwa utulivu kabla sijafa."

Akainua bilauri, akaitazama, akaiweka.

"Nenda ukawaambie wazazi wake. Ila mwambie na yeye, mimi jicho langu halifinywi tena."

Wazazi walikubali kabla Jobeda hajakaa. Rehnuma aliweka sharti moja, kazi haachi, na Tofael alipoulizwa alisema, "Angeiachaje?" kwa mshangao wa kweli, na hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote Jobeda alizopata kumsikia. Ndoa ilifungwa mwezi wa Ogrohayon, mpunga ukiwa umeshavunwa, hewa kavu, bila hata miwani moja. Motaleb alitembea sokoni siku tatu mfululizo bila kununua kitu.

Jobeda alipata sari yake, ya hariri, kama ilivyo desturi. Lakini jambo lililomshangaza yeye mwenyewe lilikuja baadaye, nalo ni kwamba hakuweza tena kuingia nyumba ya mtu bila kuuliza macho. Akifika kutazama mwali, alianza na mabibi. Kichwa kinauma wapi? Taa unazionaje? Wengine walidhani ni njia mpya ya kuchunguza ukoo. Katika miezi minne aliwatuma kliniki watu kumi na watatu. Watatu kati yao walikuwa wamekaushwa macho na feni waliyokuwa wakilala nayo usoni. Wengi walikuwa na moshi wa jiko la kuni, nao Rehnuma aliwaambia wafungue dirisha la jikoni, wakashangaa kwamba hilo nalo ni dawa. Wawili walikuwa na mzio wa vumbi la kupura mpunga. Wakapewa matone ya mzio na kukatazwa kujifikicha. Mzee mmoja alikuwa na unywele wa kope umegeukia ndani, umemkwaruza miaka miwili, macho mekundu yanamtoka machozi, na watu wa kwao walikuwa wanamwita mlevi. Ulipong'olewa alilia, safari hii kwa sababu nyingine. Na mmoja, kijana wa duka la simu, hakuwa na ugonjwa wowote. Alitaka kujua kama yule muuguzi ana mdogo wake.

"Hana," Rehnuma alimwambia Jobeda. "Lakini mwandike."

Jobeda akamwandika. Kisha akaufungua mwavuli, akakaza mwendo kuelekea stesheni, kwa kuwa huko Ishwarganj kulikuwa na mwalimu wa hesabu anayetafuta mke asiyeongea kabla ya chai, na treni ya saa nane ilikuwa imeshapiga honi.